Shati Nililomfulia Swaleh

Ningesema siwezi. Neno dogo, wala halikuhitaji sauti kubwa. Lakini Bwana Feisal, ami yake marehemu, aliponitia mkononi ule mfuko wa plastiki, wanaume wamejaa kwenye mabenchi ya matanga wakitutazama, akasema, "Wewe ndiwe dobi wetu. Zitakase hizi kabla mamake hajaziona," nilijibu, "Inshallah." Nikautia mfuko kwapani, nikatoka Kibokoni hadi Bondeni kwenye kibanda changu cha kazi, nikafua.

Ndani mlikuwa na nguo alizovaa mpwa wangu Swaleh, mtoto wa pekee wa dada yangu Maimuna, siku aliyopigwa risasi na polisi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoishika kazi hii ya udobi sasa, na mashine zenu za mlango wa kioo kule Ganjoni. Mmekuwa mkinijia na mashuka ya hoteli yaliyoshika kutu, na kanzu za mabwana harusi zilizomwagikiwa zafarani, mkiniuliza, "Mzee Bakari, hili latoka kwa nini?" Nami nawaambia. Kazi nimeiacha, mikono haitaki tena maji, lakini yaliyomo kichwani ni yenu. Basi pamoja na ya kutu na zafarani, chukueni na hili. Mimi mwenyewe bado sijalizoea. Nikilikumbuka hukaa kitako popote nilipo.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kasamali, Mhindi Muislamu aliyezaliwa papa hapa Bondeni, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na matusi mengi kuliko salamu. Nilimwendea nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi. Siku ya kwanza alinipa shati la muuza nyama, limetapakaa damu. Nikalitumbukiza kwenye maji ya moto. Akaja, akachungulia ndoo, akashika kiuno.

"We mwanafunzi! Huko shule mulikuwa mukipika damu?"

"Sikujua, mzee."

"Damu ikiona moto yang'ang'ania nguo kama mke mwenye wivu. Maji baridi! Chumvi! Kisha subira. Subira hawakukusomesha?"

Shati lile halikutakasika, na mwenyewe alilivaa vivyo hivyo mwaka mzima, akiwaambia wateja wake kwamba dobi wa Bondeni amelipiga chapa. Lakini damu sikuisahau tena. Damu mbichi ni maji baridi na chumvi, unaibana kwa kiganja, husugui. Iliyokauka unailoweka mpaka ilegee yenyewe. Kutu ni ndimu na jua kali. Masizi yataka tone la mafuta ya taa kwanza, halafu sabuni ya kipande, kwa sababu ukitangulia na maji unayapeleka ndani ya uzi. Nguo nyeupe ukimaliza, buluu kidogo sana kwenye maji ya mwisho. Ikizidi, mtu anakwenda msikitini amefanana na samaki.

Nimeharibu vingi. Kanzu ya harusi niliwahi kuiachia pasi ya makaa mgongoni kwa kuwa nilitoka nje kutazama watu wakigombana. Nikampelekea bwana harusi mwenyewe. Akaitazama ile alama, akasema, "Nitakaa nimeegemea ukuta." Na kweli, karamu nzima hakuinuka kwenye kiti, wazee wakamsifu kwa utulivu. Hivyo ndivyo makosa ya kazi yetu yalivyokuwa. Ya kuchekesha, ukishapita mwaka.

Jambo kubwa alilonifunza Mzee Kasamali si la maji. Alisema, "Dobi ana pua na mikono. Macho hana." Fikirini tunavyoviona. Tunajua nani anatapika pombe, nani amelala wapi, nani mgonjwa na hajawaambia watoto wake. Haya yote tunayafua na kunyamaza. Bibi mmoja wa mtaa wa Kuze alinijia asubuhi amejifunga buibui kama aendaye vitani.

"Dobi, shati la mume wangu la Ijumaa lilikuja na nini?"

"Lilikuja na mikono miwili, Bibi, na kola."

"Sikuulizi hayo!"

"Basi na vifungo."

"Nyote chungu kimoja nyinyi," akasema, akaondoka, na kesho yake akaniletea mapazia. Alijua kwamba na siri zake zitakaa pale pale.

Sisi watu wa mji huu tuna neno letu, stara. Anayeosha maiti hasimulii aliyoyaona. Jirani akisikia ugomvi ukutani huongeza sauti ya redio. Ni tabia njema, na nilijivuna nayo. Sikupata kufikiri kwamba inaweza kumsitiri muuaji.

Swaleh alikuwa karani wa godauni la majani chai huko Shimanzi. Babake, nduguye Bwana Feisal, alifariki mtoto hajaanza hata chuo cha Kurani, Maimuna akamlea kwa kupika na kuuza mahamri na mbaazi. Mashati yake ya kazi nilimfulia mimi. Yalikuja kwangu yakinukia majani chai, hata ukiyakung'uta, unga wake mwekundu ulitoka kwenye mishono. Alikuwa akinitania: "Mjomba, usifue sana. Nikipungukiwa na chai kazini nachemsha kola."

Alipigwa risasi jioni akirudi nyumbani, katika uchochoro wa nyuma ya nyumba ya mamake, pale ambapo mafundi walikuwa wakipaka ukuta chokaa. Mamake aliusikia mshindo akadhani ni gurudumu la tuktuk limepasuka. Aliendelea kukanda unga. Aliniambia hivyo siku ile, anatazama mikono yake: "Kaka, niliendelea kukanda."

Redioni tulisikia maneno ya polisi. Kwamba alikuwa katika kundi la vijana wenye mapanga. Kwamba aliwajia, akaonywa, na afisa akafyatua kutoka mbali kujiokoa. Swaleh! Mtoto aliyeogopa kuchinja kuku. Tulitazamana pale matangani. Mzee mmoja alirudia tu, "Mapanga? Mapanga gani?" kama anayeuliza njia.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo Bwana Feisal alipotoka hospitali kuchukua maiti, na ule mfuko wa nguo aliopewa na watu wa chumba cha maiti bila kuulizwa neno. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uzembe au kuna aliyependa nguo zile zitoke. Alitaka zitakaswe zitolewe sadaka, kama desturi ya nguo za marehemu. Alitaka mama asione damu. Simlaumu. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Mimi ndiye niliyezijua nguo.

Nilipoufungua mfuko kule Bondeni niliitambua sindano yangu kwenye kifungo cha pili, nilikishona mwenyewe. Nikakaa kwanza. Kisha nikalitandaza shati juu ya meza. Mgongoni, kushoto, palikuwa na tundu dogo, kingo zake zimeungua. Na kulizunguka tundu palikuwa na duara jeusi, weusi wa moshi, kama pale unapopulizia pasi ya makaa karibu na kitambaa. Suruali magotini ilikuwa na mabaka mawili meupe ya chokaa, yamelingana.

Damu niliielewa. Ule moshi nilijiuliza: moshi mgongoni watoka wapi? Na chokaa magotini, ya nini, kama mtu alikuwa akikimbia na panga?

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, wanangu. Nilijiuliza. Kisha nikasema moyoni, dobi hana macho, nikatia maji.

Nikaifanya kazi hiyo kuliko nilivyofanya kazi yoyote. Maji baridi, chumvi, nikabana kwa kiganja, nikamwaga, nikarudia, nalia huku. Masizi nikayatoa kwa mafuta ya taa. Chokaa nikaipangusa kavu kwanza, kama inavyotakiwa. Tundu nikalitililia, nikachomoa uzi wa pindo la ndani la shati lile lile ili rangi isikhitilafiane, nikasuka uzi juu ya uzi mpaka tundu likapotea. Nikatia wanga, nikapiga pasi, nikakunja. Niliona ndiyo heshima ya mwisho ninayoweza kumpa. Bwana Feisal alizichukua baada ya hitima, akazigawa.

Maimuna aliniuliza mara moja, "Nguo zake ziko wapi?" Nikamjibu, "Usijali, zimeshughulikiwa." Akadhani zimewekwa.

Baada ya siku si nyingi muuza viazi wa pale pembeni alimfuata Maimuna jikoni akamwambia alichokiona. Swaleh aliamrishwa apige magoti. Alipiga magoti, mikono juu, ameelekea ukutani. Afisa akasimama nyuma yake, karibu kama mtu anayenyoa mwenziwe. Aliyasema hayo, akafunga biashara, akarudi kwao mashambani, na simu yake haikupatikana tena. Nani atamlaumu?

Basi dada yangu, mwanamke ambaye mwendo wake mrefu ulikuwa sokoni na kurudi, akaanza kwenda maofisini. Majirani walimwambia, "Maimuna, mwachie Mungu." Akawajibu, "Roho yake nimemwachia Mungu. Haki yake naitaka hapa." Alikaa kwenye viti vya chuma, akaambiwa rudi kesho, akarudi. Akaipata ile ofisi ya serikali inayochunguza polisi, wakamtuma afisa wao, binti wa Kigiriama jina lake Dama, mpole, viatu vimejaa vumbi.

Tuliketi sebuleni kwa Maimuna, mimi, Bwana Feisal na yeye. Dama alieleza kwamba daktari ameandika risasi imeingia mgongoni. Polisi nao wamejibu kwamba kijana aligeuka wakati wa purukushani, na afisa alikuwa mbali. "Kwa hiyo mama, kila kitu sasa ni umbali," akasema. "Alipigwa kwa mbali au kwa karibu. Mwili hauonyeshi, kwa sababu alikuwa amevaa. Ukipiga karibu, moshi wa bunduki hubaki kwenye nguo. Nguo ziko wapi?"

Maimuna akanigeukia, uso umeng'aa. Ulikuwa mwanga wa kwanza tangu mazikoni. "Anazo kaka yangu."

Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilijibu kwa majivuno. "Nilizifua mwenyewe. Zilitakasika, hata alama haikubaki."

Dama aliiteremsha kalamu yake polepole juu ya meza. Nilitazama nyuso zao nikidhani hawakunisikia, nikaongeza, "Na lile tundu nililiziba. Huwezi kulijua."

"Mzee," Dama akasema, "ulipozifua, uliona nini?"

Ndipo nilipoelewa. Si kwa taratibu. Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nikaeleza: duara, weusi wake, upana wake kama kisahani cha kikombe cha kahawa. Mabaka ya chokaa magotini.

"Yote mawili umeyatoa?"

"Yote mawili."

Maimuna akauliza, "Kaka, nani alikutuma?"

Bwana Feisal aliinamisha kichwa. "Mimi nilisema zisitiriwe tu, shemeji. Sikujua. Nilitaka usizione."

"Wewe hukujua," Maimuna akamwambia. Kisha akaniangalia mimi. "Lakini kaka aliona. Aliona, akachukua sabuni." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Na ile harufu ya chai. Nilikuwa nikingoja arubaini ipite niliombe shati nilinuse. Hata hiyo umeitoa."

Dama alisema tulitafute shati hata hivyo, huenda mkemia akapata chembe. Bwana Feisal alikumbuka amempa nani: Kazungu, msukuma mkokoteni wa maji huko Bondeni. Tulimkuta anajaza madumu, ametupa mgongo, na shati amelivaa.

Nilisimama nyuma yake. Dama akaninong'oneza, "Tundu liko wapi?" Nikatafuta. Upande wa kushoto, chini ya bega, mahali nilipopajua kwa vidole. Jua lilikuwa wazi. Nikasogea mpaka nikasikia jasho lake, na sikuliona. Mimi niliyelishona sikuliona.

Kazungu akageuka. "Mzee, wanikagua kama mbuzi?"

"Shati hilo, ndugu yangu."

"La sadaka. Mungu amrehemu mwenyewe. Zuri, siyo? Mke wangu asema sasa nafanana na karani."

"Tunalihitaji."

"Sadaka hairudi, mzee."

Dama akamweleza kwa Kigiriama. Sijui alimwambia nini, lakini yule bwana alishika kifua chake, pale vifungo vilipo, akatazama chini kama aliyeambiwa amevaa nyoka. Akalivua pale pale barabarani. Nikavua langu nikampa. Nilirudi nyumbani na fulana, watu wa Bondeni wakinitolea salamu na kuangalia pembeni kwa adabu. Suruali haikuonekana kamwe.

Majibu ya mkemia yalikuja, Dama akayasoma pale pale sebuleni. Katika shati lile wamepata sabuni, wanga, na jasho la mtu mwengine. Kingo za tundu hazisomeki kwa sababu ya uzi. Nilisema nitakwenda mahakamani nikaape kwa nilichokiona. Dama alisema maelezo yangu yataandikwa, yakaandikwa, nikatia sahihi. Lakini alinieleza, kwa huruma, jinsi wakili wa yule afisa atakavyoniuliza: wewe ni mjomba wa marehemu? Wewe ndiye uliyeharibu ushahidi? Na sasa wataka tukuamini kwa lipi? Waendesha mashtaka walirudisha faili wakasema halitoshi.

Vijana, sikilizeni la kazi. Mtu akikuletea nguo za aliyeuawa, awe amepigwa risasi, kisu au gari, usiloweke. Usikung'ute. Usikunje doa juu ya doa. Kama ni mbichi, itandaze kivulini juu ya karatasi safi ikauke yenyewe, kisha kila nguo itie kwenye mfuko wake wa karatasi, si plastiki, plastiki huiozesha. Andika nani amekuletea na lini. Usimpe mtu yeyote mpaka wenye uchunguzi waje waichukue kwa maandishi. Haya nilifundishwa na Dama, nimechelewa. Na aliyekuletea, awe ni mzee wa mtaa, awe ni mkwe wako, umati wote unatazama, mwambie siwezi. Ataudhika. Mwache audhike. Sadaka ya nguo inaweza kungoja, na maiti hana haraka nayo.

Wapo wanaoniliwaza, wakisema hata lingekuwa na moshi, polisi wangepata njia nyengine. Labda. Huenda shati lingepotea ofisini, shahidi angetishwa. Siwezi kujua, na ni mimi niliyefanya isiwezekane kujua. Nilisoma, niliona, niliuliza swali lililo sawa ndani ya kichwa changu, kisha nikalifua pamoja na shati, kwa sababu niliona haya kumkatalia mtu mbele za watu.

Maimuna ameacha kwenda maofisini. Aliuza vyombo vya mahamri akahamia chumba cha ndani kwa jamaa za marehemu mumewe. Mwanzoni nilikuwa nikimwendea kila Ijumaa. Nabisha hodi, nasema, "Maimuna, ni mimi, Bakari." Wenye nyumba hunipa kiti na kahawa. Yeye hatoki. Idd iliyopita nilimpelekea mkono wa Idd, vijisenti vya sikukuu, kama tangu utotoni, ukarudishwa na mtoto wa nyumba, na ujumbe wa heshima: "Bibi asema ahsante, hana ndugu wa kumpa Idd."

Yule afisa hakushtakiwa, yuko kazini. Swaleh ameandikwa kwenye karatasi za serikali kuwa jambazi mwenye panga. Na mimi, niliyekuwa na ndugu mmoja tu duniani, sinaye tena, naye yu hai.